Kingamwili Mbili au Mishiko Miwili? Istilahi ya Kiswahili kwa Majaribio ya Seli katika Tiba ya Saratani, kwa Kurejelea Gitega na Muyinga

Ikisiri

Makala haya yanaeleza jinsi kingamwili zenye uwezo wa kushika shabaha mbili tofauti kwa wakati mmoja zinavyochujwa maabarani kwa kutumia seli hai, na yanachunguza namna ya kulieleza jambo hilo kwa Kiswahili kwa wazungumzaji wa Gitega na Muyinga nchini Burundi. Hoja yetu ni kwamba tafsiri ya neno kwa neno, yaani "kingamwili mbili", haina kasoro ya ufasaha pekee. Inampa msikilizaji picha ya kitu ambacho jaribio lenyewe limekusudiwa kukionyesha kuwa hakifanyi kazi. Tunapendekeza istilahi "kingamwili ya mishiko miwili", tunajadili sitiari za askari na za dalali, na tunatoa mfano wa aya ya ridhaa inayoweza kusomwa mbele ya mgonjwa.

1. Utangulizi

Katika maabara nyingi za dunia zinazotafuta dawa mpya za saratani, ndani ya majokofu ya naitrojeni kimiminika, mna vichupa vidogo vilivyoandikwa jina ambalo msomaji wa Kiswahili halihitaji kutafsiriwa: Daudi. Seli zilizomo zilitokana na uvimbe wa mgonjwa kijana wa Kenya mwaka 1967, nazo zimeendelea kugawanyika hadi leo. Zinafugwa Marekani, Ujerumani, China na Japani, na watafiti wanaozitumia mara nyingi hawajui kwamba jina hilo ndilo namna Waswahili wanavyomwita nabii David. Jina la Kiswahili limefika katika kiini cha sayansi ya kinga, lakini Kiswahili chenyewe bado hakina jina lililotulia kwa kazi inayofanywa na seli hizo.

Upungufu huo si wa makamusi tu. Fomu za ridhaa katika tafiti za tiba huandikwa kwa lugha anayoielewa mgonjwa, na katika ukanda wetu lugha hiyo mara nyingi ni Kiswahili. Mzazi kutoka Muyinga anayevuka mpaka wa Kobero na kuendelea hadi Hospitali ya Bugando jijini Mwanza anaacha nyuma Kirundi chake kama lugha ya mazungumzo na daktari. Anachobaki nacho ni Kiswahili alichokipata sokoni, shuleni, au katika kambi za wakimbizi za Kigoma na Ngara. Akiwekewa mbele sentensi yenye istilahi mbovu, atatia saini jambo ambalo hakulielewa, na huenda akaelewa kinyume chake.

Itaulizwa: kwa nini Kiswahili, ilhali karibu kila Mrundi anazungumza Kirundi? Swali ni la haki. Jibu la kwanza ni safari hizo za matibabu. Jibu la pili ni kwamba Kirundi kimekuwa kikipokea maneno kutoka Kiswahili kwa zaidi ya karne moja, soko na saa yakiwa miongoni mwake, na istilahi ya Kiswahili iliyoundwa vizuri leo inaweza kuwa ya Kirundi kesho. Ikiundwa vibaya, kosa nalo litahama.

Gitega na Muyinga tumeichagua kwa sababu Kiswahili chake kina asili mbili. Muyinga iko kaskazini mashariki, karibu na Tanzania, ina jamii ya Waislamu ya muda mrefu, na imewapokea wengi waliorejea kutoka kambi za ng'ambo ya mpaka. Kiswahili chake ni cha kusikia na kunena. Gitega ni mji wa katikati ya nchi, ambao sasa ndio makao makuu ya kisiasa. Huko nako upo mtaa wa Waswahili, lakini kijana wa kawaida amekutana na Kiswahili darasani, hasa baada ya Burundi kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007. Istilahi inayofaa lazima isomeke Gitega na isikike Muyinga.

2. Uvimbe, mwinuko na mikondo ya seli

Ili kuelewa kwa nini seli za Daudi zinafaa kwa majaribio haya, ni lazima kurudi Kampala. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland aliyefanya kazi Hospitali ya Mulago, alichapisha mwaka 1958 maelezo ya uvimbe wa taya uliokuwa ukiwaua watoto wa Afrika. Mwaka 1961, pamoja na madaktari wenzake Ted Williams na Clifford Nelson, alisafiri kwa gari takriban maili 10,000 kutoka Uganda hadi Afrika Kusini, akiuliza hospitali kwa hospitali kama uvimbe huo unaonekana. Ramani iliyopatikana ilikuwa ya ajabu: karibu na ikweta, ugonjwa ulikuwa haba katika sehemu zilizoinuka kupita futi 5,000 hivi, yaani mita 1,500.

Gitega imeketi karibu na kimo hicho hicho. Mto Ruvubu, unaotoka Kayanza, unapita eneo la Gitega, unashuka kuelekea Muyinga na Cankuzo, kisha unaingia Tanzania na kuungana na Kagera. Anayeufuata anapita, kwa hesabu ya Burkitt, kutoka upande mmoja wa mpaka wa ugonjwa kwenda upande wa pili. Burkitt alishuku mbu. Baadaye ilibainika kwamba mambo mawili yanashirikiana: virusi vya Epstein-Barr, vilivyotambuliwa London mwaka 1964 katika seli za uvimbe uliotumwa kutoka Uganda, na malaria ya mara kwa mara inayoichosha kinga ya mtoto. Kimo hakikuwa kinga kwa nafsi yake. Kilikuwa kikimzuia mbu tu, na nyanda za juu za Burundi, zilizopata mlipuko mkubwa wa malaria mwaka 2000 na 2001, hazina sababu ya kujivunia mwinuko wao.

Kutokana na uvimbe wa aina hii zilipatikana seli za kwanza za damu ya binadamu zilizokubali kuishi maabarani bila ukomo. Za Raji zilianzishwa mwaka 1963 kutoka kwa mtoto wa Nigeria, na za Daudi miaka minne baadaye. Namalwa, jina ambalo Mganda yeyote atalitambua, ni nyingine za kundi hilo. Kanuni za ridhaa hazikuwa wakati huo kama zilivyo leo, na ni vigumu kufikiri kwamba wazazi wa watoto hao waliambiwa seli za watoto wao zingeishi kuwapita wote.

Mfululizo wa seli wa namna hii tuuiteje? Pendekezo la kwanza lililomjia mwandishi lilikuwa "ukoo wa seli", na lina ladha. Hata hivyo, mwambie muumini wa Kikristo wa Gitega habari za "ukoo wa Daudi", naye atakuwa ameshafika Bethlehemu kabla hujamaliza sentensi. Tunatumia hapa "mkondo wa seli": seli zinatiririka kutoka chupa hadi chupa, na mkondo hauna uzazi wala urithi wa kifalme.

3. Jaribio linavyofanyika

Kingamwili ya kawaida ni protini yenye umbo la herufi Y. Ina mikono miwili, na mikono yote miwili inashika kitu kile kile. Hili ndilo jambo la kwanza ambalo mfafanuzi hulisahau. Mikono miwili si upya hata kidogo, kwani kila kingamwili ya aina hii mwilini mwetu inayo. Upya ni kwamba mkono mmoja umebadilishwa ili ushike kitu tofauti na unachokishika mkono wa pili.

Katika tiba ya saratani za damu, mkono mmoja hutengenezwa ushike alama iliyo juu ya seli ya saratani, kwa mfano CD19 au CD20, ambazo hupatikana juu ya seli B. Mkono wa pili hushika CD3, sehemu ya kipokezi cha seli T. Seli T ndizo zenye uwezo wa kutoboa seli nyingine na kuziua, lakini kwa kawaida huhitaji kwanza kutambua kipande cha protini kilichowekwa juu ya sahani maalumu ya HLA. Seli nyingi za saratani huificha sahani hiyo. Kingamwili ya aina hii hairuhusu ujanja huo kufanya kazi. Inaivuta seli T hadi ubavuni mwa seli ya saratani, na ukaribu huo pamoja na kule kushikwa kwa CD3 vinatosha kuiamsha.

Wazo hili lina umri. Mwaka 1985 watafiti walionyesha kwamba kingamwili chotara zinaweza kuzielekeza seli T kwenye shabaha iliyochaguliwa. Kilichochelewesha dawa ni utengenezaji. Kingamwili ina minyororo mizito miwili na myepesi miwili. Seli moja ikitengeneza minyororo ya kingamwili mbili tofauti, na minyororo hiyo ikiungana ovyo, hupatikana molekuli za aina 10, na inayotakiwa ni moja tu kati yake. Suluhisho mojawapo, la miaka ya 1990, linafanana na kazi ya seremala: mnyororo mmoja unachongwa kifundo, wa pili unachongwa tundu, ili visikubali kuungana isipokuwa hivyo. Suluhisho lingine ni kuacha umbo la Y kabisa na kuunganisha vichwa viwili vya kushikia kwa uzi mfupi wa protini. Blinatumomab, iliyoidhinishwa Marekani Desemba 2014 kwa aina moja ya lukemia, imetengenezwa hivyo. Udogo wake unaifanya itoke mwilini upesi, kwa hiyo mgonjwa huingiziwa dawa kwa pampu mfululizo kwa wiki nne.

Wahandisi wa protini wanaweza kutengeneza mamia ya molekuli tahiniwa. Huwezi kuzijaribu zote kwa wagonjwa, wala kwa panya. Lazima zichujwe, na mchujo wenye maana hufanywa kwa seli hai. Kipimo cha kushika peke yake hakitoshi: molekuli inaweza kushika CD20 kwa nguvu na CD3 kwa nguvu, na bado ikashindwa kuzileta seli mbili pamoja, kwa sababu pahali inaposhikia ni mbali mno na utando wa seli au mikono yake imekaa vibaya. Kushika ni tendo la molekuli. Kukutanisha ni tendo linaloonekana pale tu seli mbili zinapokuwepo.

Mtaalamu huchukua sahani ya plastiki yenye vishimo 96, au 384 kama ana mashine ya kumsaidia. Katika kila kishimo huweka seli shabaha, tuseme za Raji au Daudi. Huongeza seli T zilizotengwa kutoka damu ya mchangiaji, mara nyingi tano au kumi kwa kila seli shabaha moja. Kisha huongeza molekuli tahiniwa kwa vipimo vinavyopungua hatua kwa hatua, kishimo hadi kishimo, na kuiweka sahani katika kiatamizi chenye nyuzijoto 37. Baada ya saa kadhaa, au siku moja hadi mbili, huhesabu seli shabaha zilizokufa. Anaweza kupima kimeng'enya kinachovuja seli inapopasuka, au kuzipitisha seli moja moja mbele ya miale ya leza.

Ipo njia ya haraka zaidi. Hutumika seli T za mkondo wa Jurkat ambazo zimepandikizwa jeni ya kimeng'enya cha kimulimuli, yule mdudu anayewaka usiku. Seli ikiamshwa kupitia CD3, hutengeneza kimeng'enya hicho, na ikiongezwa kemikali yake hutoa mwanga unaopimika. Mamia ya tahiniwa huweza kupangwa kwa siku moja kwa kuangalia vishimo vipi vinang'aa. Lakini jaribio la mwanga linapima kuamka, halipimi kuua. Seli za Jurkat zenyewe si wauaji wazuri. Katika Kiswahili cha maelezo vitenzi hivi viwili visichanganywe. Mwandishi amewahi kusoma tafsiri iliyoandika kwamba dawa "iliua saratani" pale ambapo sahani ilikuwa imewaka taa tu.

Mkondo wa Daudi una sifa ya pekee. Seli zake zimepoteza protini iitwayo mikroglobulini beta-2, na bila hiyo hakuna sahani ya HLA ya daraja la kwanza inayoweza kukaa juu ya seli. Kwa maneno mengine, ni mfano halisi wa ule ujanja wa kujificha tuliotaja. Seli T zilizosafishwa vizuri zikiziua seli za Daudi mbele ya molekuli tahiniwa, na zisiziue bila molekuli hiyo, tunajua kwamba daraja limejengwa na molekuli yenyewe. Usafishaji ni lazima, maana zipo seli nyingine za damu ambazo zikichochewa huwashambulia wale waliokosa HLA.

Halafu kuna vishimo vya ulinganisho, na hapa ndipo isimu inapoingia maabarani. Kishimo kimoja kina seli bila dawa. Kingine kina seli shabaha zisizo na CD20, ili kuhakikisha molekuli haiui ovyo. Cha tatu, ambacho kwa hoja yetu ndicho kikubwa kuliko vyote, kina kingamwili mbili za kawaida zilizochanganywa: moja inayoshika CD20, nyingine inayoshika CD3, kila moja peke yake. Vitu vyote viwili vipo, vinashika vinachopaswa kushika, na hakuna daraja. Uuaji katika kishimo hicho ukiwa sawa na ule wa molekuli tahiniwa, molekuli hiyo haijathibitisha lolote.

4. Tatizo la "mbili"

Sasa tuirudie ile tafsiri. Neno "kingamwili" limo katika ngeli ya I-ZI, na umbo lake halibadiliki katika umoja na wingi. Ukisema "kingamwili mbili", sarufi ya Kiswahili haimwachii msikilizaji nafasi ya kusitasita: zipo mbili. Hata ukiongeza kivumishi, ukasema "kingamwili mbili mahususi", bado zipo mbili, na sasa ni mahususi. Mzungumzaji wa Kirundi hatasaidiwa na lugha yake ya kwanza, kwa kuwa nayo ina hali ile ile: inka ni ng'ombe mmoja na inka ni ng'ombe wengi, na inka zibiri ni ng'ombe wawili, si ng'ombe mmoja mwenye chochote kiwili.

Kwa hiyo mgonjwa anayesikia "utapewa kingamwili mbili" anaelewa kwamba atapewa mchanganyiko wa dawa mbili. Anaelewa, kwa usahihi kamili, kile kishimo cha tatu. Wanasayansi wametumia gharama kuonyesha kwamba molekuli moja yenye mikono miwili tofauti ni kitu kingine kuliko molekuli mbili zilizowekwa pamoja, na istilahi inaifuta tofauti hiyo kwa kiambishi kimoja cha upatanisho. Hatujui mfano ulio wazi zaidi wa kosa la sarufi ambalo ni kosa la sayansi wakati huo huo.

Namna ya kutoka ni kuihamisha "mbili" kutoka kwenye nomino kuu. Tunahitaji nomino ya pili, ya ngeli nyingine, ili upatanisho wenyewe uonyeshe kilicho kiwili. "Kingamwili ya mishiko miwili" inafanya hivyo: kingamwili ni moja, kwa sababu kihusishi ni "ya", mishiko ni miwili, kwa sababu kivumishi kimefuata ngeli ya U-I. Hata msikilizaji wa Muyinga asiyewahi kuona neno hili kwenye karatasi hawezi kuhesabu vibaya.

Kwa nini mishiko na si mikono? Kwa sababu, kama tulivyoona, kingamwili yoyote ya kawaida ina mikono miwili, na "kingamwili ya mikono miwili" haitofautishi chochote. Mshiko ni namna ya kushika na kinachoshikwa. Kingamwili ya kawaida ina mikono miwili na mshiko mmoja. "Kingamwili pacha", pendekezo linalosikika mara kwa mara, tunalikataa, maana pacha hufanana, na hapa upande mmoja haufanani na mwingine. "Kingamwili ya ulengi maradufu" inasomeka Gitega, katika kitabu cha kidato, lakini "maradufu" humaanisha zaidi ya kitu kile kile, na mgonjwa ataelewa nguvu mara mbili.

Kuna pingamizi moja linalostahili kutajwa kwa sababu litatajwa tu. Katika Kiswahili cha mitaani cha Dar es Salaam, "mshiko" ni fedha. Kijana wa Kariakoo akisikia "dawa ya mishiko miwili" huenda akauliza bei, na kwa dawa hizi hatakuwa amekosea. Matumizi hayo hayana nguvu katika Kiswahili cha darasani cha Gitega, na lugha nyingi zinaishi na maneno ya kitaalamu yenye ndugu wa mtaani. Kiswahili tayari kinaishi na "seli" ya mwili na "seli" ya mahabusu.

5. Askari, dalali na homa

Istilahi hutaja, sitiari hueleza. Kwa miongo kadhaa elimu ya UKIMWI katika Afrika Mashariki na ya Kati imezieleza seli za kinga kama askari wa mwili. Sitiari hiyo imezoeleka hata mgonjwa wa kawaida huuliza idadi ya askari wake. Katika nchi iliyopita vita vya miaka mingi baada ya 1993, neno hilo halimpi kila mtu faraja, na mfafanuzi mwenye busara hulipima kabla ya kulitumia mbele ya mtu mzima wa Gitega. Hata tukiiweka historia kando, sitiari hii ina dosari ya kitiba. Inafundisha kwamba askari wengi ni heri kuliko wachache, na askari wakali ni heri kuliko wapole. Kwa UKIMWI hilo lilifaa. Kwa kingamwili ya mishiko miwili ni hatari.

Seli T nyingi zikiamka kwa wakati mmoja humwaga saitokini, kemikali zinazotumana ujumbe kati ya seli za kinga. Mgonjwa hupata homa, shinikizo la damu hushuka, na katika hali mbaya huhitaji chumba cha uangalizi mahututi. Ndiyo maana dozi ya kwanza huwa ndogo, ya pili kubwa zaidi, na mgonjwa huangaliwa kwa karibu. Katika Burundi homa ina tafsiri yake iliyo tayari: malaria. Mtu aliyeambiwa kuhusu askari pekee, akishikwa na homa nyumbani saa nane usiku, atameza dawa ya malaria na kungoja asubuhi. Maelezo yanapaswa kumwandaa kwa homa hiyo na kumwambia arudi hospitali mara moja.

Sitiari tunayoipendelea ni ya dalali, au komisioneri kama wengi wanavyomwita Burundi. Dalali halimi maharage wala hayali. Kazi yake ni kumshika muuzaji kwa mkono mmoja na mnunuzi kwa mkono mwingine hadi wakutane. Akiondoka mmoja, hakuna biashara. Sitiari hii inaeleza tofauti na kishimo cha tatu bila shida: watu wawili, mmoja amemshika muuzaji na mwingine amemshika mnunuzi, lakini hawajuani, si dalali.

Inaeleza pia jambo ambalo sitiari ya askari haiwezi kabisa. Katika jaribio, ukiongeza molekuli uuaji hupanda, lakini ukipita kiwango fulani huweza kuanza kushuka. Kila CD20 imekwisha kushikwa na molekuli yake, kila CD3 imekwisha kushikwa na molekuli nyingine, na hakuna mkono uliobaki huru kuvuka upande wa pili. Mchoro wake hupanda na kushuka kama kilima. Mfikirie mtu wa Muyinga siku ya soko, madalali wakiwa wengi kuliko wafanyabiashara: kila muuzaji amekamatwa na dalali wake, kila mnunuzi na wake, na gunia halitoki mahali pake. Wanafunzi huhangaika na mchoro huo kwa muda mrefu. Mchuuzi hahitaji mchoro.

Sitiari ina mpaka wake, na ni uaminifu kuusema. Dalali huwakutanisha watu kwa manufaa ya wote wawili, na hapa mmoja wa waliokutanishwa atakufa. Kwa sababu hiyo hiyo tumeliacha neno "mshenga", ambalo lingependeza kwa sauti yake. Hakuna atakayesahau arusi ya namna hiyo, na si kwa wema.

6. Tiba gani ya kinga?

Tawi zima la tiba hii linahitaji jina, na "tibakinga" limeanza kuonekana katika maandishi. Tunalionea shaka. Nchini Tanzania "kingatiba" ni dawa zinazogawiwa shuleni na vijijini dhidi ya minyoo, kichocho na matende, na "tiba kinga" hutajwa kwa dawa za kuzuia kifua kikuu kwa asiyeugua bado. Kwa Mrundi aliyeishi kambini Nyarugusu, maneno hayo tayari yana maana: kumeza kidonge ukiwa mzima. "Tiba ya kuamsha kinga" ni refu kidogo, lakini linamweka mgonjwa mahali pake. Tayari ni mgonjwa, na kinga yake ndiyo inayoamshwa.

Ieleweke pia kwamba uvimbe uleule uliotupa seli za Daudi haungojei dawa hizi. Limfoma ya Burkitt hukua upesi kupita karibu uvimbe wowote, lakini huitikia dawa za zamani kama siklofosfamidi, na tangu mwaka 1967 taasisi ya saratani ya Kampala imewatibu watoto kwa dawa za namna hiyo. Kwa mzazi wa bonde la Ruvubu, neno la Kiswahili lenye thamani kubwa kwanza ni "mapema". Mfafanuzi anayemweleza kingamwili ya mishiko miwili kabla ya hilo amepanga mambo kinyume.

Kwa yule ambaye ameshafikia hatua ya kuulizwa kama anakubali, tunapendekeza aya ifuatayo, isomwe kwa sauti, si kukabidhiwa tu:

"Dawa hii ni kingamwili moja yenye mishiko miwili. Mshiko mmoja unashika seli ya saratani. Mshiko wa pili unashika seli ya kinga yako mwenyewe. Inafanya kazi kama dalali: inazikutanisha, na seli yako ya kinga ndiyo inayoiua seli ya saratani. Maabarani tumeona hivyo kwa seli zilizo katika sahani. Mwilini mwa mtu mambo yanaweza kuwa tofauti. Kinga yako ikiamka kwa nguvu kupita kiasi utapata homa. Homa hiyo usiifikirie kuwa ni malaria, wala usingoje kuche. Dawa nyingi zaidi si lazima iwe bora zaidi, kwa hiyo tutaanza na kidogo. Unaweza kukataa sasa, na unaweza kukataa baadaye. Tafadhali tueleze kwa maneno yako mwenyewe: dawa hii ni moja au ni mbili?"

Swali la mwisho limewekwa kwa makusudi. Anayejibu "mbili" asipewe kalamu kwanza; msomaji arudi kwenye sentensi ya kwanza, na Muyinga afadhali airudie kwa kumshika muuguzi mkono mmoja na mgonjwa mkono mwingine.